Mwandishi wa Kiswahili aitwe kikao cha kwanza

Mwishoni mwa miaka ya 2000, wasikilizaji wa redio nchini Tanzania walimfahamu vizuri mwanamume mmoja ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aliitwa Fataki. Alikuwa mtu mzima mwenye vijisenti na maneno matamu, aliyewarubuni wasichana wadogo kwa zawadi na ahadi. Kila tangazo lilikuwa kisa kifupi, na katika kila kisa Fataki aliumbuka kwa sababu mtu wa pembeni ameingilia kati. Kampeni hiyo ilijaribiwa Morogoro kabla ya kwenda nchi nzima, chini ya mradi wa redio ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kwa fedha za Marekani. Haikuchukua muda jina likatoka redioni likaingia mtaani, na jibaba linalonyemelea wanafunzi likaanza kuitwa fataki hata na watu wasiokumbuka tangazo lenyewe.

Kuna mtu aliketi akaandika visa vile. Kuna mtu aliyeamua kwamba Fataki asifanikiwe hata mara moja, na kwamba anayemzuia awe ni mtu wa kawaida ambaye msikilizaji anaweza kuwa kama yeye. Lakini tangazo halitiwi saini. Msomaji wa riwaya anamjua Shaaban Robert, mpenzi wa muziki anamjua msanii wake, ila mwandishi wa tangazo lililobadili usemi wa mtaani huenda hajulikani hata na jirani yake. Ndiyo maana vijana wengi wenye kipaji cha maneno hukimbilia ualimu, uandishi wa habari, muziki na filamu, bila kujua kwamba ipo kazi ya kuandika maneno machache kwa siku na kulipwa kwa hayo machache. Wazazi wao ndio hawajui kabisa. Wakisikia mtoto anataka kufanya kazi ya matangazo, humfikiria mtangazaji wa redio.

Kazi ipo, na kwa lugha inayosemwa kuanzia Lamu hadi Lubumbashi ilipaswa kuwa na waandishi tele. Kinachowakwamisha wanaoanza ni namna kazi yenyewe inavyopangwa maofisini.

Wateja wakubwa wa matangazo Afrika Mashariki ni kampuni za simu, benki, bia, soda, sabuni na vipodozi, na nyingi kati yake zina makao makuu au wanahisa nje ya eneo hili. Brifu, yaani ile karatasi inayoeleza bidhaa, mnunuzi na jambo linalotakiwa kusemwa, mara nyingi huja kwa Kiingereza. Mkurugenzi wa ubunifu huisoma kwa Kiingereza, timu hubuni kwa Kiingereza, mteja huidhinisha kwa Kiingereza. Kiswahili huingia mwishoni, studio ikiwa imeshalipiwa, na mwandishi wa Kiswahili huletewa sentensi zilizokwisha kupitishwa ili azigeuze. Picha imeshapigwa, muziki umeshachaguliwa, sekunde zimeshagawanywa. Awe fundi kiasi gani, kilichobaki kwake ni kuvisha wazo la watu wengine nguo ambayo haikukatwa kwa kipimo chake.

Matokeo yanasikika kila siku. Kila bidhaa ni suluhisho. Kila huduma inakuletea uzoefu wa kipekee. Kila mteja anaalikwa kufurahia, iwe ni kifurushi cha intaneti, mkopo wa benki au dawa ya meno. Hakuna mama anayemwambia mwenzake sokoni kwamba amepata suluhisho, wala kijana anayejisifu kijiweni kuwa amekuwa na uzoefu wa kipekee na vocha yake. Ni Kiswahili sanifu, hakina kosa la sarufi, na kinapita masikioni bila kugusa chochote.

Tuchukue sabuni ya unga ya kubuni, tuitazame kwa karibu. Sentensi ya kwanza ya tangazo inaletwa ikisema: "Bidhaa yetu inakupatia suluhisho bora kwa mahitaji yako yote ya usafi." Ni maneno 11. Mwandishi aliyeachwa aanze mwenyewe anaandika: "Shati la shule, doa la embe, saa kumi na mbili asubuhi." Nayo ni maneno 11. Lakini ya kwanza ina silabi 30 na ya pili ina 21. Katika tangazo la redio la sekunde 30, ukiondoa muziki na jina la bidhaa, mwandishi hubakiwa na sekunde kama 20 za kusema. Silabi tisa zilizookolewa katika sentensi moja ni pumzi ya msomaji, ni nafasi ya sauti ya ndoo na mtoto anayelia kwamba atachelewa shule. Zaidi ya hayo, sentensi ya pili imeshamwonyesha msikilizaji nyumba yake mwenyewe, na sabuni haijatajwa bado.

Hesabu ya namna hiyo si ngeni kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili. Kijana aliyesoma ushairi sekondari, akahesabu mizani nane kwa nane katika mshororo, tayari ana kipimo ambacho kozi ya matangazo ya London haiwezi kumpa. Kaulimbiu ya bia ya Tusker nchini Kenya, "Bia yangu, nchi yangu", ina mizani nne kila upande. Ndiyo sababu inatamkika hata na mtu asiyeonja pombe. "Malaria haikubaliki", iliyobeba kampeni ya Zinduka iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2010, ina maneno mawili tu, na neno la pili lina uzito wa kauli ya mzee wa ukoo anayekataa jambo barazani. Kenya nayo iliwahi kujenga kampeni nzima ya vijana juu ya neno moja la Sheng, "Nimechill", katikati ya miaka ya 2000, kuwaambia kwamba kusubiri kabla ya kuanza ngono si ushamba. Maneno kama hayo hayapatikani kwa kugeuza sentensi ya lugha nyingine. Huokotwa yalipo, na anayeyaokota ni mtu anayeishi yanakosemwa.

Pwani ilikuwa na waandishi wa matangazo kabla ya kuwapo kampuni za matangazo. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, hutajwa kuwa ndiyo iliyoanza kuweka maandishi kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake, yale maneno machache yaliyoandikwa chini ya mji. Mnunuzi hutazama rangi, hugusa kitambaa, kisha husoma. Maneno yakimgusa, doti imeuzwa. Yasipomgusa, hata rangi iwe nzuri vipi, mkono unahamia nyingine. Mfanyabiashara wa kanga alilazimika kujua wanawake wa mji wanazungumza nini mwezi huo, nani anamsema nani, nini hakisemeki kwa mdomo kikasemeka kwa nguo. Huo ni utafiti wa soko, na ulifanywa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Haki itendeke: lugha peke yake haitoshi, na ushahidi upo Kenya. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu huduma ya kulipia mikopo midogo kwa simu, wakishirikiana na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa watu mia chache wa Nairobi na Thika. Waliokuwa katika jaribio walianza kuitumia kwa mambo yao: mmoja alimtumia mwenzake, mwingine alituma kwa watu wake waliokuwa mbali. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, habari ya mikopo iliachwa. Tangazo likasema jambo moja, tuma pesa nyumbani, na likamwonyesha kijana wa mjini na wazazi wake kijijini. Kaulimbiu yenyewe iliandikwa kwa Kiingereza, maneno matatu. Kabla mwaka huo haujaisha watumiaji walikuwa wamefika milioni moja.

Maneno yale yalifanya kazi kwa sababu yalitoka kwa watumiaji. Kijana wa Nairobi aliyezoea kumkabidhi dereva wa basi bahasha ya mama yake hakuhitaji kufafanuliwa chochote. Anayeanza kazi hii na ayatazame hayo mawili pamoja: kusikiliza namna watu wanavyosema, na kutazama wanachofanya wasipotazamwa na kampuni. Mwandishi wa Kiswahili anayeitwa mwishoni hunyimwa yote mawili, maana wakati wa kutazama umeshapita.

Basi anayetaka kuingia aanzie wapi? Shahada inasaidia, na zipo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina shahada ya uhusiano wa umma na matangazo katika shule yake ya uandishi wa habari. Lakini historia ya kazi hii imejaa watu waliopita njia nyingine kabisa. David Ogilvy, Mwingereza aliyefungua kampuni yake New York mwaka 1948 akiwa na miaka 37, aliwahi kuwa mpishi katika hoteli ya Majestic jijini Paris, kisha akauza majiko ya Aga nyumba kwa nyumba huko Scotland. Mwaka 1935 waajiri wake walimwomba awaandikie wauzaji wenzake kitabu cha mwongozo, na kitabu hicho cha jinsi ya kubisha hodi na kuuza jiko ndicho kilichomfungulia mlango wa matangazo. Dorothy Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, alikaa katika kampuni ya S. H. Benson jijini London tangu 1922 hadi 1931 akiandika matangazo, yakiwamo ya bia ya Guinness. Salman Rushdie naye alikuwa akiandika matangazo London alipokuwa akijaribu kuandika riwaya zake za mwanzo.

Hawa hawakuajiriwa kwa vyeti vya matangazo. Mwajiri wa Ogilvy alikuwa na kitu cha kusoma mkononi, na kwa anayeanza leo kitu hicho ni potifolio: kampeni tatu au nne alizozibuni mwenyewe kwa bidhaa halisi bila kutumwa na mtu. Kila moja ieleze inamsemesha nani, inasema nini, na inasemaje redioni, kwenye bango na kwenye simu. Si lazima zichapishwe vizuri. Mkurugenzi anayejua kazi yake hutambua wazo zuri hata likichorwa kwa kalamu ya risasi. Yapo pia mashindano yanayotoa brifu za kweli kwa wanafunzi na wanaoanza, kama New Blood ya taasisi ya D&AD ya Uingereza, na tuzo za Loeries za Afrika Kusini zenye kundi la wanafunzi.

Hata hivyo shule bora kuliko zote, kwa eneo hili, ni redio ya mkoani. Tangu sheria ya utangazaji ya 1993 iruhusu vituo binafsi Tanzania, redio zimeenea mikoani, na karibu kila moja huishi kwa matangazo ya wafanyabiashara wa hapo hapo. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaingia na karatasi yenye orodha: saruji, nondo, mabati, rangi, misumari, vitasa, mabomba, vigae. Anataka vyote vitajwe, pamoja na jina lake, namba tatu za simu na maelekezo ya kufika. Mtangazaji anayejiandikia skripti huku mteja akisubiri atavitaja vyote kwa kasi, na hakuna atakayekumbuka hata kimoja.

Mwandishi anayeanza na akae na mwenye duka huyo. Amuulize mteja wa mwisho alinunua nini, na kwa nini hakununua duka la jirani. Huenda akaambiwa kuwa hapa tunapeleka mzigo hadi saiti, hata mfuko mmoja. Hilo ndilo tangazo, nondo na vitasa vitaonekana mtu akifika. Kumshawishi mwenye duka akubali kuacha mambo kumi ili jambo moja lisikike ni kazi ngumu kuliko kuandika, na hakuna chuo kinachoifundisha vizuri kama mteja aliyetoa fedha zake mwenyewe mfukoni. Kisha tangazo linapigwa kesho yake asubuhi, na kufikia jioni mwandishi anaweza kwenda dukani akauliza kama kuna aliyekuja akilitaja. Mwandishi wa kampuni kubwa husubiri miezi kupata jibu la namna hiyo.

Lipo jambo ambalo waajiri hawapendi liandikwe. Kijana anayeomba nafasi huambiwa atume mawazo ya majaribio, mara nyingi kwa bidhaa ambayo kampuni inaishughulikia wakati huo huo. Anakesha, anatuma, hajibiwi. Mwingine hukaa miezi kadhaa kama mwanafunzi wa mafunzo kazini bila hata nauli, huku skripti zake zikipelekwa kwa mteja na kulipiwa. Kwa utaratibu huo wanaobaki kwenye kazi ni wenye wazazi wa kuwalisha jijini, na hao mara nyingi ni wale wale waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Kijana wa Tanga, Kigoma au Malindi, mwenye Kiswahili ambacho tangazo linakihitaji, anarudi kwao kabla mtu hajasoma kazi yake. Kisha ofisi inalalamika kwamba waandishi wazuri wa Kiswahili hawapatikani.

Sheria inamsaidia kijana huyo kwa kiasi fulani tu. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, kama sheria za namna hiyo kwingineko, hulinda kazi iliyoandikwa. Wazo tupu hailindi. Wazo lililosimuliwa mdomoni kwenye mahojiano likitumiwa na mwingine, mwenyewe hana pa kushika. Kwa hiyo anayeanza aandike skripti kamili, aweke tarehe, atume kwa barua pepe na atunze nakala. Na kampuni inayotaka kazi ya majaribio iilipie, hata kiasi kidogo kinachojulikana tangu mwanzo. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na bei ya siku moja ya kupiga picha za video.

Programu za akili mnemba zimelifanya suala la nafasi ya mwandishi kuwa la haraka zaidi. Sasa kampuni inaweza kupata Kiswahili cha tangazo kwa sekunde chache bila kumwita mtu, na wapo watakaoona kwamba mwandishi anayeanza hana kazi tena. Kwa aliyekuwa akiitwa mwishoni ili ageuze sentensi, hofu hiyo ni ya kweli. Kazi aliyoachiwa ndiyo hasa ambayo programu inaimudu. Lakini programu haikukaa kwenye benchi la duka la vifaa vya ujenzi, wala haijui msimu wa embe shati la shule hurudi na doa gani. Thamani ya mwandishi iko katika kile kikao cha kwanza ambacho hajawahi kuitwa, pale inapoamuliwa tangazo liseme nini.

Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, kampuni nyingi hutoa salamu siku hiyo, na bendera na mashairi huwekwa kwenye kurasa zao. Ni jambo jema. Lingekuwa jema zaidi kama kampuni hizo hizo zingewaandikia mawakala wao wa matangazo brifu kwa Kiswahili pale ambapo tangazo litasikika kwa Kiswahili, na zikakataa kupokea wazo lililokuja na tafsiri yake imebandikwa pembeni. Mteja ndiye anayelipa. Akisema kikao kisianze mpaka mwandishi wa Kiswahili awe amekaa, kikao kitasubiri.

Mawakala nao wana la kufanya bila kungoja mteja. Watenge nafasi mbili kwa mwaka kwa waandishi wanaoanza kutoka nje ya jiji, zenye posho ya kutosha chumba na nauli, na wawakalishe na mbunifu wa picha tangu siku brifu inapofunguliwa. Utaratibu huo wa mwandishi na mchoraji kubuni pamoja si mpya. Kampuni ya Doyle Dane Bernbach ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1949, ilijijengea jina kwa utaratibu huo, wakati kwingine mwandishi alimaliza maneno yake na kuyapeleka chumba cha wachoraji. Na tangazo la nafasi hizo lenyewe liandikwe kwa Kiswahili, lisomwe kwenye redio za mikoani, litaje posho, tarehe ya mwisho na aina ya kazi za kutuma, bila sharti la shahada.